Chupa ya Mavuno ya Pili

Mtu akifa kwa moyo, ndugu zake humwita daktari, kisha humwita shehe. Nasser alimwita polisi kwanza, daktari akafuata, na shehe akapata habari kwa majirani. Asiya Massoudi alikuwa ameshaliweka hilo kichwani kabla hajazima gari mbele ya nyumba ya marehemu, mtaani Mutanga Sud, saa tatu kasoro asubuhi, na hakulitoa tena.

Bujumbura afisa wa upelelezi huitwa OPJ, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na tisa Asiya akiitwa hivyo. Baba yake, fundi magari wa Buyenzi, alimwachia vitu viwili: Toyota kuukuu na msemo. "Usiulize gari limekufaje, uliza nani aliligusa mwisho." Toyota ilikuwa imemwaibisha mara nyingi. Msemo, hata mara moja.

"Karibu, Mama OPJ." Nasser alimpokea mlangoni. Alikuwa mtoto wa kaka wa marehemu, mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati na suruali vimepigwa pasi, macho mekundu.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Nilisema uje mbele watu hawajagusa kitu. Mi nataka uandike PV, uweke kila kitu chenye kiko mule ndani. Ata kama ni aibu yetu, uandike."

Asiya alishaombwa mengi katika nyumba za misiba. Ameombwa afumbe macho, asahau, arudi kesho. Kuombwa na mwenye msiba aandike aibu ya ukoo kwenye PV, ripoti ya polisi, kwa kalamu ya serikali, hiyo ilikuwa mpya.

"Tutaandika," alisema. "Kwa hilo usiwe na wasiwasi kabisa."

Chumba kilikuwa ofisi ndogo ya Haji Tamim, muuza vifaa vya ujenzi ambaye babu zake walitoka Omani na makaburi yao yako hapa hapa mjini. Alikuwa amefia kwenye kiti chake usiku, baada ya isha. Mwili ulishapelekwa chumba cha nyuma kusubiri kuoshwa. Daktari alikuwa bado yupo, anafunga mkoba wake.

"Ni moyo," alisema. "Nimemtibu miaka mitatu, sishangai. Mdomoni sikusikia harufu ya pombe, lakini saa nyingi zimepita. Ukitaka uhakika wa damu, maabara itachukua wiki."

"Hatuna wiki. Tuna mpaka alasiri."

Mezani, mbele ya kiti kitupu, kulikuwa na chupa ya mvinyo mwekundu iliyobaki nusu. Kando yake gilasi ya chai, imejazwa mvinyo hadi ukingoni. Pombe, nyumbani kwa Haji Tamim. Asiya mwenyewe alikuwa hajaionja tangu azaliwe, na hakuona sababu ya kuanza leo.

"Nilikuja kumchukua twende kusali alfajiri, kama kila siku," Nasser alisema. "Nikamukuta hivyo. Nakuambia wazi, Mama OPJ, sababu jana walimusainisha karatasi. Sasa mutu mwenye kunywa, karatasi yake ni karatasi?"

"Karatasi gani?"

Jibu lilitoka mlangoni. "Ya wakfu."

Huyo alikuwa Hiba, mtoto pekee wa marehemu, mkunga, bado amevaa sare ya zamu ya usiku hospitalini chini ya kanga aliyojitanda. Alisema polepole, kila neno mahali pake. "Depo ya Buyenzi, ghala la vifaa vyake. Baba ameitoa wakfu iwe nyumba ya kuzalia. Amesaini jana baada ya alasiri, mbele ya Shehe Radjabu na mashahidi wawili. Mama yangu alifia ndani ya taksi, Mama OPJ, kule kule Buyenzi, akinizaa mimi. Baba alikuwa na hiyo ahadi miaka thelathini na mbili."

Asiya hakuhitaji kalamu kwa hesabu hiyo. Wakfu ukisimama, depo ni ya akina mama wa Buyenzi. Wakfu ukianguka, depo inarudi kwenye mirathi, nusu ya binti, nusu ya mtoto wa kaka. Na wakfu unaanguka vizuri kabisa kama aliyeusaini alikuwa mlevi na polisi wameandika hivyo.

Alimwomba Nasser akamsaidie shehe nje. Nasser alisita, akaenda.

"Wanawake mule ndani wameanza kunong'ona," Hiba alisema. "Mutu aliyewanunulia madaftari watoto wao. Wanamuzika baada ya alasiri. Akiingia kaburini na hii chupa juu ya jina lake, haitatoka tena. Na nyumba ya kuzalia itazikwa naye."

"Alasiri ni saa tisa na robo," Asiya alisema, akivaa glavu. "Ni muda mrefu. Watu wamebomoa na kujenga ukuta kwa muda mfupi kuliko huo."

Aliinama juu ya chupa. Karatasi yake ilikuwa ya Kiswahili, mvinyo wa Dodoma, kutoka shamba moja la Hombolo. Kizibo hakikuwa mezani wala sakafuni. Kilikuwa ndani ya chupa, kinaelea juu ya mvinyo.

"Hiba, mko na tire-bouchon, kizibuo cha chupa, humu nyumbani?"

"Tire-bouchon? Sisi tufungue nini?"

Hata hivyo walitafuta. Droo za ofisi, jikoni, chumba cha kulala, mifuko ya makoti. Walipata funguo za depo, tasbihi tatu, dawa za moyo na bisibisi yenye mpini wa mbao, kavu na yenye vumbi. Kizibuo hakikuwepo. Asiya aliandika mstari mmoja na kuendelea kutazama.

"Baba alikuwa anasalia wapi?"

"Ukitoa alfajiri, hapa hapa, kwenye kiti. Magoti yake yalikufa miaka miwili iliyopita. Mswala wake uko hapa chini, mbele ya..." Hiba alikatiza maneno. Mbele ya kiti sakafu ilikuwa tupu. Aliinua macho. Mswala ulikuwa juu ya kabati, umekunjwa mara nne, pembe kwa pembe. "Huu hatuukunjagi. Naukung'uta Ijumaa, naurudisha. Leo ni Jumanne. Nani kaukunja?"

"Baba angeweza kuinama akauokota?"

"Baba alikuwa hawezi kuokota kiatu chake."

"Basi usiuguse. Na usimwambie mtu kwamba nimeuliza."

Getini alisimama na Moïse, zamu wa nyumba, mlinzi mzee aliyekesha pale miaka kumi. Moïse alikuwa mtu wa maneno machache na Asiya alimpenda papo hapo kwa sababu hiyo.

"Nasser aliingia saa ngapi?"

"Kumi na nusu."

"Amevaa nini?"

"Kanzu nyeupe. Ya kusalia."

"Akatoka?"

"Akatoka mbio, kwake hapo." Alionyesha nyumba ya jirani, iliyopakana ukuta na ya mzee. "Akarudi na kanzu ile ile. Nikaona ameficha kitu ndani ya gazeti. Nikasema labda ni mambo yenu ya maiti, mi siyajui."

"Akatoka tena?"

"Akatoka. Aliporudi ndiyo alikuwa na hiyo shati."

Alipogeuka, Nasser alikuwa nyuma yake, hatua tano, anajifanya anapanga viti vya wageni. "Mama OPJ, kama unatafuta mutu mwenye alimuletea divai, mi nitakuambia. Gaël, mwenye resto ya Kajaga. Ni yeye peke yake analeta hii ya Dodoma. Mwezi uliopita alitaka kukodi ile depo aweke machupa yake, ami akamufukuza. Gaël akamwambia mbele ya batu: siku moja na we utakunywa."

"Alisema hivyo kweli?"

"Uliza mutu yeyote wa Buyenzi."

Mafuta mjini siku hizo yalitafutwa kama dawa, na tangi la Toyota lilikuwa na ya kwenda Kajaga na kurudi, tone halizidi. Asiya alikwenda bila kusita. Hakwenda kwa ajili ya ugomvi. Alikwenda kwa sababu chupa ile ilikuwa na maneno na yeye hakuijua lugha yake, na mtu asiyejua lugha hutafuta mkalimani.

Gaël alikuwa anapanga meza mchangani, mbele ya ziwa. Alikuwa mnene, mcheshi, na sauti yake ilitangulia kufika kuliko yeye mwenyewe.

"Mama OPJ na ijabu yake na chupa mkononi. Ukikaa hapa, wateja watasema mwisho wa dunia umefika."

"Wakiuliza, sema nimekuja kukukamata. Watatulia."

Gaël alicheka, kisha akaona chupa iko ndani ya mfuko wa polisi na akaacha kucheka. Asiya alimweleza kwa maneno machache. Haji Tamim amefariki. Chupa imekutwa mbele yake. Na kuna maneno Gaël aliyoyasema mwezi uliopita.

"Nimeyasema," Gaël alijibu na kuketi. "Nilikuwa na hasira. Unajua mzee alinijibu nini? Alisema, na we Gaël siku moja utasali. Batu wote wakacheka, na mi nikacheka. Wiki iliyofuata nikaenda kununua misumari kwake, akaniongezea kilo bure. Amekufa kweli?"

"Amekufa kweli."

Aligeuka akatazama maji. Huzuni yake ilikuwa ya kweli, na Asiya, aliyeona za uongo nyingi, hakuwa na haja ya kuipima mara mbili.

"Sasa nifundishe divai," alisema. "Nichukulie kama mtoto wa shule."

Hapo uso wa Gaël ulibadilika, akawa mwalimu. "Bon. Sikiliza. Batu wanafikiri divai nyekundu ni zabibu moja imekamuliwa. Hii si moja, ni mchanganyiko. Shamba la Hombolo wanachukua zabibu ya Makutupora, ile inatoa nguvu na rangi. Wanaongeza Syrah, inatoa harufu, kama pilipili manga kidogo. Kila moja peke yake ina kasoro. Pamoja zinafichana kasoro."

"Kama ndoa."

"Kama ndoa nzuri. Sasa, Dodoma yenyewe. Ni nchi kavu, udongo mwekundu, mvua miezi michache. Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi, unazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Wanakata matawi, unaamka, unazaa tena. Mavuno mara mbili. Machi, baada ya mvua, zabibu zina maji. Agosti, katikati ya ukavu, zinakuwa ndogo, tamu, ganda nene. Udongo ule ule, mizabibu ile ile, lakini divai si moja. Ndiyo maana kwa ile ya Agosti mwaka huu wameongeza zabibu ya tatu, ya Kitaliano, kuipoza ule utamu. Bado sijaionja mimi mwenyewe, na mi ndiye..."

Alikuwa anazungusha mfuko mkononi huku akisema. Alifika karatasi ya nyuma ya chupa, akaisoma mara mbili.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nimeshakuambia."

"Apana. Subiri." Alikwenda ndani, akarudi na chupa mbili, akaziweka kando ya ile ya Asiya. Mbele zilifanana, rangi, jina, mchoro wa mlima. Nyuma, chupa zake ziliandikwa *Mavuno: Machi*, na chini yake majina mawili ya zabibu. Ile ya kielelezo iliandikwa *Mavuno: Agosti*. Majina yalikuwa matatu.

"Ziko ngapi zako?"

"Sanduku kumi na moja. Fungua zote, ingia stoo, sikatazi. Zote ni Machi." Alitoa simu, akatafuta, akamwonyesha ujumbe wa shamba. Ya Agosti ilikuwa imeanza kuuzwa tarehe tatu Novemba, kwenye geti la shamba Hombolo tu. Ya Burundi ingepakiwa Januari. Leo ilikuwa tarehe kumi na nane. "Mi ndiye wakala peke yangu hapa Bujumbura. Mutu amenitangulia, quand même. Inaniuma."

Asiya aliingia stoo, akahesabu, akasoma karatasi za nyuma moja moja, sanduku baada ya sanduku. Machi, Machi, Machi. Aliporudi, Gaël alikuwa bado anaikodolea ile chupa macho.

"Na nani aliyeifungua hivi?" aliuliza. "Kizibo kimesukumwa ndani. Huyu si mnywaji. Tazama." Alichukua mojawapo ya zake, akatoa kizibuo mfukoni, akazungusha, akavuta. Haikupita hata pumzi tatu. "Mlevi anaweza kusahau jina la mke wake. Hawezi kukosa tire-bouchon."

"Hilo nilishaliandika."

"Niruhusu ninuse."

"Ni kielelezo."

"Pua haiachi alama, Mama OPJ."

Alimfungulia mfuko kidogo. Gaël aliinama, akavuta hewa, akafumba macho. "Ee," alisema. "Ya tatu iko ndani."

Asiya alipiga simu akiwa amesimama kando ya gari. "Hiba, swali moja. Nasser anafanya biashara gani siku hizi?"

"Mafuta ya alizeti. Analeta kwa lori."

"Anayatoa wapi?"

"Dodoma. Si karudi Alhamisi."

Saa nane na dakika kumi alikuwa ameshafika Mutanga. Uani kulikuwa na wanawake, sufuria na vijiko, na juu ya ukuta wa Nasser, kwenye kamba, kanzu nyeupe moja, bado mbichi. Ilikuwa peke yake. Hakuna nguo nyingine iliyofuliwa nyumba ile, na mbingu ilikuwa nzito ya mvua. Alimtuma Moïse akaiombe kwa adabu, naye akaileta ikiwa ndani ya beseni. Pindo la chini lilikuwa na doa la zambarau lililofifia, pana kama kiganja. Lilikuwa limesuguliwa mpaka uzi ukaanza kulegea.

Alizunguka nyuma ya ofisi. Chini ya dirisha, ukuta ulipakwa chokaa nyeupe, na juu ya chokaa kulikuwa na michirizi myekundu iliyoelekea kwenye maua.

Basi. Alimwita Nasser ofisini, na Shehe Radjabu awe shahidi. Shehe aliketi pembeni. Hiba alisimama mlangoni. Asiya alifungua daftari.

"Haya Nasser, PV yako. Ulitaka niandike kila kitu, tuandike. Marehemu alikuwa mnywaji?"

"Umeona mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Sijui. Labda miaka mingi. Kwa siri."

"Alikuwa anafungulia nini?"

"Aje?"

"Chupa. Miaka mingi kwa siri, alikuwa anazifungulia nini? Humu hakuna kizibuo. Na kizibo kimesukumwa ndani. Niandike kwamba mlevi wa miaka mingi hajui kufungua chupa?"

Nasser alijipangusa paji la uso. "Uliza Gaël. Labda Gaël alikuja."

"Nimemuuliza. Sasa mswala. Nani aliukunja?"

"Ami mwenyewe."

"Kwa magoti yapi?"

Shehe aliinua macho, akautazama mswala juu ya kabati, na kuanzia hapo hakumtazama mtu mwingine ila Nasser.

"Nitakusaidia," Asiya alisema, na sauti yake haikupanda. "Mwizi angeukanyaga na viatu. Gaël angeweka chupa akaondoka, mswala asingeuona hata kidogo. Lakini aliyeingia humu alikuwa ameshika pombe mkononi, akaona mswala chini, na mkono wake ukafanya kazi kabla ya kichwa. Akauokota, akaukunja vizuri, akauweka juu, mbali na najisi. Ni mtu aliyelelewa nyumba kama hii. Hata mimi ningeukunja. Alikuwa anamharibia mzee jina lake, na bado alikuwa na adabu na mswala wake."

"Hiyo si ushahidi."

"Peke yake, apana. Soma hapa." Alimgeuzia chupa. "Agosti. Gaël anayo ya Machi tu. Hii haijauzwa popote duniani ila getini Hombolo, tangu tarehe tatu mwezi huu. Kati ya watu walioingia nyumba hii leo alfajiri, nani katoka Dodoma Alhamisi?"

"Divai ni divai," Nasser alisema. "Zote ni moja."

"Hapo ndipo sisi tusiokunywa tunakosea. Mnywaji angesoma karatasi ya nyuma. We uliona nyekundu, ukasema zote ni haramu, basi zote ni moja. Na mi jana ningesema hivyo hivyo." Alisukuma beseni katikati ya chumba kwa mguu. "Ulimwaga nusu kupitia dirishani, ili ionekane imenyweka. Ikakurukia. Kanzu yenye pombe haisaliwi, ukaivua, ukaifua siku ya msiba, ukarudi na shati la pasi. Moïse alikuona na kanzu mara mbili na shati mara moja. Sasa niambie, niandike nini?"

Nje mtu alikuwa anakokota viti. Nasser aliitazama kanzu yake ndani ya beseni, na mabega yakamshuka.

"Nilimukuta amekufa," alisema. "Wallahi, sikumugusa. Chupa ilikuwa ndani ya gari tangu Alhamisi, zawadi ya kumupa mutu mmoja wa Kigobe mwenye ananisaidiaga makaratasi. Nilisimama hapa, nikamwangalia ami, nikafikiria depo. Miaka kumi na mbili nimefungua ule mlango asubuhi na kuufunga jioni. Alisaini jana. Hakuniuliza. Ata kuniambia hakuniambia, niliambiwa na mashahidi."

"Ungemuuliza," Hiba alisema kutoka mlangoni. Alikuwa analia sasa, kwa hasira. "Alikuwa anakupenda, Nasser. Alikuwa anakuita mutoto wangu mbele ya kila mutu. Ungemuuliza tu."

Asiya aliandika mpaka mwisho, akamsomea kwa sauti ya juu, mstari kwa mstari. Chupa iliwekwa mezani baada ya kifo. Marehemu hakunywa. Aliyeiweka amekiri. Nasser alitia saini, shehe akatia saini, na Asiya akapiga muhuri. PV aliyoitaka Nasser ilikuwa imepatikana, imekamilika, haikosi hata nukta.

"Utakuja nami kwa ushuhuda wa uongo," alimwambia. "Hakimu ataamua mengine."

"Niache kwanza nimuzike. Hana mutoto mwanamume. Nani ataingia kaburini?"

Hilo halikuwa la Asiya kujibu. Alimtazama Hiba.

"Atamuzika," Hiba alisema. "Na yeye ndiye atawauliza watu. Lakini kabla hajawauliza, atawaambia."

Saa tisa na nusu, baada ya alasiri, jeneza liliwekwa barabarani mbele ya geti na wanaume wakajipanga safu nne. Wanawake walibaki uani, na Asiya alibaki nao, karibu na geti lililo wazi, funguo za Toyota mkononi. Ilikuwa desturi ya watu hawa tangu babu zao: kabla ya kumsalia maiti, mtu wa karibu zaidi husimama mbele ya watu na kuwauliza wanamshuhudia vipi.

Nasser alisimama. Alisema kwa sauti ya kufika uani.

"Mmesikia habari ya chupa. Niliileta mimi. Niliiweka mimi, ami akiwa ameshakufa. Yeye hakuionja leo wala siku yoyote." Aligeukia safu ya mbele. "Sasa nawauliza. Haji Tamim mnamushuhudia vipi?"

Kisha Shehe Radjabu akasema, "Mtu mwema," na safu nne zikajibu pamoja, "Mtu mwema." Nasser aliuliza mara ya pili, na mara ya tatu, kama inavyotakiwa, na kila mara jibu lilikuja zito zaidi. Ng'ambo ya barabara, peke yake, kofia mkononi, Gaël wa Kajaga alijibu na wengine, amechelewa kidogo kwa kutojua mpangilio.

Hiba alisikiliza mara zote tatu akiwa ameshika nguzo ya geti. Jeneza liliponyanyuliwa, Nasser akiwa bega la mbele, aliacha nguzo na kujifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Ile depo ina mlango mpana, Mama OPJ," alisema. "Baba aliupima wiki iliyopita. Taksi itaingia mpaka ndani."